Kabla Toleo Jipya Halijaruhusiwa Kuingia

Kazi huanza kwa kungoja. Toleo jipya la GnuPG, programu ya kufunga barua na mafaili kwa usimbaji fiche, limetangazwa. Fundi amelisoma tangazo hadi mstari wa mwisho, ameandika tarehe na namba ya toleo katika daftari lenye jalada gumu, kisha amelifunga. Hajapakua kitu. Kompyuta za ofisi zitaendelea na toleo la zamani kwa siku kadhaa, naye atashika kazi zake nyingine huku akifuatilia wanasema nini wale waliolichukua mapema.

Yuko Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, katika chumba kilicho juu ya godauni. Huko chini malori yanapinda kwa shida yakitoka gatini, na si mbali umesimama Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne kadhaa zilizopita. Kampuni anayoifanyia kazi hutoa mizigo bandarini kwa niaba ya wenye mali wa Nairobi, Kampala, Kigali na Goma. Mafaili anayoyatunza ni ankara, hati za shehena, nakala za pasipoti na namba za PIN za kodi. Mshindani akiiona ankara moja, amejua bei anayonunulia mwenzake. Mwizi akiiona hati ya shehena, amejua kontena lipi lina simu na lipi lina mitumba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeutaja usimbaji fiche miongoni mwa njia za kuhifadhi habari za watu, lakini sheria haikusema ni nani atakayehakikisha kwamba kufuli lenyewe ni zima. Katika ofisi hii kazi hiyo imemwangukia mwanamke mmoja, naye ameifanya kuwa ufundi.

Kungoja kwake kuna sababu. Tarehe 19 Januari 2021 ilitolewa Libgcrypt 1.9.0, maktaba ya hesabu za siri ambayo GnuPG huitegemea. Siku chache baadaye Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, aligundua kwamba kule kuifungua tu data iliyoandaliwa kwa hila kungeweza kuivuruga kumbukumbu ya kompyuta, kabla sahihi yoyote haijahakikiwa. Werner Koch, Mjerumani aliyeianzisha GnuPG, akawaomba watu waache kulitumia toleo hilo mara moja, na 1.9.1 ikatoka tarehe 29 ya mwezi huohuo. Toleo lililoletwa ili kuboresha lilikuwa limeishi siku kumi tu. Waliolikimbilia walilazimika kukimbia tena, waliongoja hawakuguswa.

Lakini kungoja nako kuna mpaka. Aprili 2014 lilitangazwa kosa la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lililomwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, funguo za siri zikiwemo. Tundu likishatangazwa, kila anayelisoma tangazo anajua pa kupenyea, na kila saa ya kukaa na toleo la zamani ni saa ya mlango wazi. Siku kama hiyo fundi huacha chai ipoe. Hatua zake hazipungui. Hulala tu baadaye kidogo. Sehemu ya kwanza ya ustadi wake, basi, ni kusoma tangazo na kupambanua: hili lingojwe, hili liharakishwe.

Siku ya kazi ikifika, anawasha kompyuta iliyowekwa pembeni, isiyopokea barua wala kufungua mafaili ya wateja. Anapakua vitu viwili: furushi la msimbo chanzo, yaani maandishi yote ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji, na faili dogo la sahihi linalofuatana nalo. Halafu anafanya jambo ambalo nililiona zuri tangu mara ya kwanza. Anaiamuru GnuPG ya zamani, ile aliyokwisha kuikagua na kuitumia, ihakiki sahihi ya GnuPG mpya. Mkongwe ndiye anayemhoji mgeni. Bila toleo moja unaloliamini huwezi kuanza kuliamini linalofuata, na ndiyo maana fundi huyu hatupi kitu: kila toleo lililopita mikononi mwake limehifadhiwa katika diski iliyoandikwa tarehe kwa wino.

Jibu linatoka mara moja. Mstari mmoja unasema sahihi ni njema na unataja jina la mwenye ufunguo. Chini yake kuna onyo: hakuna kinachoonyesha kwamba ufunguo huu ni wa huyo aliyetajwa. Wengi huishia mstari wa juu wakafurahi. Yeye huanzia kwenye onyo, kwa kuwa jina lolote laweza kuandikwa na mtu yeyote kwenye ufunguo wowote. Kisichoigika kirahisi ni alama ya kidole ya ufunguo, herufi na tarakimu 40 zilizopangwa katika mafungu kumi ya manne manne. Mafungu hayo yamo katika daftari lake. Aliyanakili kwa mkono zamani, na hakuyatoa mahali pamoja: mengine kwenye tovuti ya watengenezaji, mengine kwenye diski ya mfumo uliosakinishwa miaka ya nyuma, mengine kwa mwenzake wa Nairobi aliyemsomea kwa simu. Mtu anayetaka kumdanganya ingembidi awe amezighushi njia zote hizo, tena kwa wakati mmoja.

Anamwita karani kijana kutoka meza ya pili.

“Nisomee, mwanangu. Taratibu. Fungu moja, unanyamaza, nami nakuitikia.”

Kijana anasoma kwenye skrini, yeye anafuata kwenye daftari kwa ncha ya kalamu. Baada ya kila fungu anasema “ndiyo” kwa sauti. Kijana akiharakisha mafungu mawili pamoja, wanarudi mwanzo bila maneno makali. Angeweza kuyalinganisha peke yake, lakini jicho linalotazama kitu linachokitarajia hukiona hata kisipokuwepo, na macho ya mtu wa pili hayana tarajio hilo. Fungu la kumi linapoitikiwa, anaweka alama ndogo pembeni mwa ukurasa.

Hapo mtu mwingine angesakinisha. Yeye anajua sahihi imemwambia nini na haijamwambia nini. Imemthibitishia mkono uliotia sahihi. Nia ya mkono huo haijaigusa. Mwaka 2024 ulimwengu ulijifunza hilo kupitia XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kusaidia kazi hiyo zaidi ya miaka miwili, akatuma marekebisho mazuri, akaaminiwa, akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Kisha matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva. Sahihi zilikuwa sawasawa. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyetaka kujua kwa nini kuingia kwenye seva kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuipuuza ile nusu sekunde, akaifuata mpaka chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Sehemu muhimu ya ile hila ilikuwa ndani ya mafurushi ya matoleo, wala haikuonekana katika hazina ya wazi ambako watu husoma msimbo.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kulifungua furushi na kulilinganisha, faili kwa faili, na hazina ya wazi ya mradi. Baadhi ya mafaili yana haki ya kuwa kwenye furushi pekee, kwa kuwa hutengenezwa na mashine wakati wa kuandaa toleo. Anayajua kwa majina. Jina geni likitokea anasimama, analifungua, analisoma. Mafaili ya majaribio yasiyosomeka kwa macho anayapa muda zaidi, kwa sababu ile hila ya XZ ilijificha humo.

Kisha anaweka toleo la zamani na jipya bega kwa bega. Skrini inajaa mistari: iliyoondolewa ina alama ya kutoa, iliyoongezwa ina alama ya kujumlisha. Hajidai kuelewa kila hesabu. Hesabu za ndani za usimbaji zina wataalamu wake duniani, naye hufuata maandishi yao. Anachokitafuta ni mabadiliko yasiyotajwa katika tangazo, na hasa kila mstari unaogusa mahali programu inapochukua nambari za nasibu, inapohakiki sahihi, inapofuta siri kwenye kumbukumbu baada ya kutumika. Anasonga kama anayechagua mchele kwenye sinia, kidole kikisukuma punje chache kwa wakati mmoja, na huwezi kumwona akirusha jicho mbele kuona zimebaki ngapi.

Uzito wa mstari mmoja unajulikana. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika mfumo wa Debian aliondoa msimbo uliokuwa ukilalamikiwa na chombo cha kutafuta makosa. Hakuwa na nia mbaya. Lakini humo ndimo ulimopita unasibu karibu wote, na kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, yenye nafasi 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida hujaribu nafasi hizo zote kwa muda mfupi. Kwa karibu miaka miwili watu walizalisha funguo dhaifu wakidhani wamejifungia vyema, mpaka Luciano Bello alipogundua na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008. Msimbo ule ulikuwa wazi wakati wote huo. Uwazi ulikuwepo; msomaji mwenye subira ndiye aliyekosekana.

Na pale ambapo uwazi wenyewe umeondolewa, msomaji hana pa kuanzia. Watumiaji wa PGP, programu ya usimbaji iliyoitangulia GnuPG, waliyaonja hayo. Phil Zimmermann aliitoa programu hiyo mwaka 1991, na serikali ya Marekani ikamchunguza kwa miaka mitatu kwa shaka ya kuisafirisha nje kinyume cha sheria. Msimbo ukachapishwa vitabuni, kwa kuwa kitabu kiliruhusiwa kuvuka mpaka. Mwaka 1997 wajitolea wa Ulaya wakachukua maelfu ya kurasa za toleo la 5.0, wakazipitisha kwenye skana, wakasahihisha herufi zilizosomwa vibaya, mstari baada ya mstari, mpaka programu ikasimama tena upande wa pili wa bahari. Desemba ya mwaka huo kampuni ya Zimmermann ilinunuliwa na Network Associates. Mnamo Agosti 2000 Ralf Senderek alionyesha kwamba matoleo kadhaa mapya yangeweza kuhadaiwa: mtu akipachika ufunguo wa ziada kwenye ufunguo wako wa umma, barua zako zingefungwa kwa namna ambayo naye angeweza kuzifungua. Baadaye kampuni ikapunguza msimbo inaouchapisha. Zimmermann alipoondoka Februari 2001, aliwahakikishia watu kwamba hadi toleo 7.0.3 hapakuwa na mlango wa siri. Neno lake lilikuwa la mtu mwaminifu, na wengi walilipokea. Lakini lilikuwa neno, na waliokuja na matoleo ya baadaye hawakuwa na hata hilo.

Wako waliong'ang'ania PGP ya mfululizo wa 2.6 kwa sababu waliweza kuisoma yote. Nawaelewa. Ila wakati haukusimama kwa ajili yao: sahihi za matoleo yale zilitegemea hashi ya MD5, yaani muhtasari mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye data, na mwaka 2004 watafiti wa Kichina wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha jinsi ya kutengeneza data mbili tofauti zenye hashi moja. Kukataa kila kipya hakumwokoi mtu. Fundi wa Mbaraki amechukua njia ngumu kuliko zote mbili, ya kupokea kila toleo na kulipima upya, bila kulihesabia wema wa lililotangulia.

Msimbo ukisharidhisha, anaujenga, yaani anaugeuza kwa kompaila kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Anaujenga mara mbili, kwenye mashine mbili tofauti, akitumia kompaila ya toleo moja na njia ya folda iliyo sawa. Saa anaifunga pia, maana programu nyingi hupachika ndani yake tarehe zilipojengwa, na tarehe hiyo pekee hutosha kuzitofautisha. Mashine ya kwanza inamaliza, ya pili inafuata. Anakokotoa hashi ya kila faili lililotoka, herufi na tarakimu 64 kwa kila moja, na kuzilinganisha. Zikifanana zote, basi mashine moja ikiwa na ugonjwa, ingebidi nyingine iwe na ugonjwa uleule. Zikitofautiana anarudi nyuma kutafuta sababu, na nimemwona akitumia mchana mzima juu ya tofauti iliyokuja kuonekana kuwa jina la kompyuta tu. Hakuona kwamba mchana umepotea. Aliandika sababu hiyo daftarini, ili aitambue ikirudi.

Majaribio yaliyokuja na msimbo yanaenda yenyewe, mistari ikishuka, kila mmoja ukisema umefaulu. Yeye ana ya kwake. Anachukua faili lililofungwa miaka iliyopita na kulifungua kwa toleo jipya. Anafunga lingine kwa toleo jipya na kulifungua kwa la zamani, kwa sababu wakala wa Kampala bado analo la zamani, na ufunguo uliotengenezwa na toleo jipya waweza kutangaza njia ya kufunga ambayo toleo la zamani haliifahamu. Anabadilisha herufi moja katikati ya faili lililotiwa sahihi, na kungoja programu ilikatae. Inalikataa. Anabadilisha nyingine, karibu na mwisho. Inalikataa tena. Jaribio hili analipenda kuliko mengine, kwa kuwa kufuli linalofunguka kwa ufunguo wake limethibitisha nusu tu ya kazi yake.

Mwenye kampuni, mzee wa makamo ya baba yake, alipita mlangoni siku moja akauliza, “Mwanangu, hiyo mpya ni nzuri?”

“Bado naitazama, mzee wangu. Nikimaliza nitakuonyesha nilichokiona.”

Namsifu kwa jibu hilo. Hakumwambia mzee amwamini. Alimwahidi cha kuona. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila mtengenezaji wa programu ataisifu yake. Umma unahitaji mtu asiye na ngoma ya kuwamba, atakayetazama na kuonyesha.

Wakenya hatuhitaji kufundishwa hilo upya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe kwa kusomwa tu. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na majaji walio wengi wakalihesabu jambo hilo dhidi ya tume walipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba. Mwaka 2022 fomu za matokeo za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, na mwananchi mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukwisha, kesi ilifika mahakamani tena. Lakini aliyebisha alikuwa na fomu ya kunyooshea kidole, na aliyetetea vilevile. Mfumo uliokubali kukaguliwa uliwapa wote wawili mahali pa kusimamia.

Hatua ya mwisho ofisini ni fupi. Toleo jipya linawekwa kwanza kwenye kompyuta moja, ya karani yule kijana, na linaachwa lifanye kazi za kawaida za juma. Lisipoleta shida, linasambazwa kwa zote. Daftarini anaandika namba ya toleo, alama ya kidole aliyoihakiki, hashi za mafaili yaliyojengwa, mashine zilizotumika, jina la aliyemsomea na shaka yoyote iliyobaki. Shaka anaziandika kwa mwandiko uleule safi wa mafanikio. Mtu atakayeshika nafasi yake ataweza kuirudia kila hatua na kumkosoa akitaka, na ameniambia hilo ndilo kusudi la daftari.

Ninapomtazama nawaza juu ya Werner Koch, ambaye mwaka 2015 dunia ilisoma kwamba alikuwa akiishi kwa takriban dola 25,000 kwa mwaka tangu 2001, huku programu yake ikilinda siri za waandishi wa habari na wanaharakati kila bara. Michango ilimiminika baada ya habari hiyo. Kazi ya kukagua ina bahati ileile: haionekani hadi inapokosekana. Makarani wa chini, madereva wanaongoja karatasi zao, mwenye duka la Goma ambaye hajawahi kukanyaga Mombasa, wote wanategemea mafungu kumi yaliyosomwa taratibu katika chumba wasichokijua. Mwenye ofisi anayetunza siri za watu na azilipe saa hizo waziwazi, atenge kompyuta ya pembeni, ampe fundi wake mtu wa pili wa kumsomea, na daftari alihesabu kuwa mali ya kampuni kama anavyohesabu malori. Chuo chochote cha pwani kinachofundisha vijana kuandika programu kiwafundishe pia kuzihoji. Imani ya umma katika toleo jipya hupatikana kwa njia hiyo, na toleo litakalofuata litaidai tena kuanzia mwanzo.